Nimewaeleza, Mtani Wangu

Mtani wangu Kasiani,

Barua hii naiandika wazi, kila mwenye macho aisome, kwa sababu zile nilizoandika juu yako zamani niliziandika kwa siri. Zilikuwa kumi na moja. Zilikuwa na mwandiko mzuri, na Kijerumani chake hakikuwa na kosa. Hii ni ya kumi na mbili, na ndiyo ya kwanza kukuandikia wewe.

Ni wiki ya tatu tangu tukuzike katika ardhi ya Johannesburg. Binti yangu, ambaye ninaishi naye tangu nilipostaafu na kuhamia huku mwaka 2015, ameniuliza kwa nini ninamwandikia mtu ambaye hawezi kusoma. Nimemjibu kwamba watakaosoma ni wengine, lakini anayestahili kuandikiwa ni wewe. Hakuridhika. Ameniletea chai hata hivyo, akafunga mlango ili wajukuu wasinisumbue.

Unakumbuka tulivyoonana mara ya kwanza? Ilikuwa miaka ya sabini, mlangoni pa bweni, katika mji wa viwanda huko Ujerumani Mashariki. Serikali yetu ilikuwa imenipeleka kusomea ualimu wa lugha, na wewe uhandisi wa nguo. Baridi ile sikuwa nimeijua hata kwetu Iringa, na hewa yote ilinuka moshi wa makaa ya mawe. Ulinisikia nikinung'unika kwa Kiswahili, ukauliza, "Ndugu, kwenu wapi?"

"Iringa," nikasema. "Mimi ni Mhehe."

Hukusema karibu. Ulinivua kofia yangu mpya ya manyoya, ukaivaa, ukatangaza kwa sauti ya kuamsha bweni zima: "Wangoni tumebarikiwa! Hata huku mtumwa wangu amenifuata, na kofia ameniletea!"

Msomaji asiyetoka kwetu ajue tu kwamba Mngoni na Mhehe ni watani. Hutukanana bila kukasirika, na msiba wa mmoja ni kazi ya mwenzake.

Wajerumani wawili waliokuwa wakipita walisimama kututazama. Mimi sikuwa mtu wa kucheka. Baba yangu alikuwa katekista, na nyumbani kwetu kicheko kilihitaji sababu. Lakini siku ile nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Nilikuwa nimekaa siku nne bila kusikia neno la nyumbani, na neno la nyumbani lililonipokea lilikuwa tusi. Nikakujibu, "Mla panya, rudisha kofia kabla sijamwita babu yangu akufunge kama alivyomfunga babu yako." Ukatikisa kichwa kwa huzuni. Ukasema, "Utani wako mkavu kama hotuba ya mkuu wa wilaya. Lakini nitakufundisha." Kofia hukuirudisha hadi theluji ilipoyeyuka.

Ulinifundisha mengi katika jiko lile la ghorofa ya pili. Unga wa mahindi haukuwapo, kwa hiyo tulisonga ugali wa semolina kwa mguu wa kiti kilichovunjika, ulioupiga msasa mpaka ukawa laini kama mwiko wa bibi yako. Ulipika ukiimba, mimi nikiosha vyombo. "Mtumwa asiyejua kuosha sufuria namuuza Krismasi," ulikuwa ukisema, "ninunue baiskeli." Nikikujibu vibaya ulinisahihisha, kama mimi ninavyosahihisha insha. Ulisema tusi la utani lazima liwe kubwa mno kuaminika, kwa maana likiwa dogo linaweza kuwa kweli.

Mama yangu alipofariki, barua ya nyumbani ilichukua wiki tano kufika. Alikuwa ameshazikwa na matanga yameshaanuliwa. Nilijifungia chumbani. Wewe ulikuja, ukaweka kiti mlangoni, ukakaa juu yake na koti langu mabegani. Ukasema, "Maiti haitoki humu mpaka mtani apewe chake." Hapakuwa na maiti. Palikuwa na mimi tu, na karatasi moja. Nikakupa nusu ya mkate niliokuwa nao kabatini. Ukaula wote mbele yangu, ukasema marehemu alikuwa mpishi mzuri ila alizaa mtoto mchoyo. Nikalia, na katikati ya kulia nikacheka. Kisha ukafagia chumba, ukafua shuka zangu, ukakaa nami siku tatu bila kwenda darasani. Ukoo mzima haukuwapo, na wewe peke yako ulifanya kazi ya ukoo mzima.

Haikupita miezi miwili, nikaanza kuandika juu yako.

Aliyeniomba alijiita Bwana Krause. Alisema anatoka katika ofisi ya urafiki na wageni, na mimi nilichagua kuamini, ingawa kila mwanafunzi alijua watu wa usalama wanavyojitambulisha. Tulikutana kila Jumanne saa kumi alasiri, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitabu, na kila mara palikuwa na keki. Hakunitisha. Ningependa sana kukuambia kwamba alinitisha. Alinisifu. Alisema ujamaa una maadui wengi, na kwamba nchi inayosomesha watoto wa wengine bure ina haki ya kujua watoto hao wanawaza nini. Mimi niliuamini ujamaa kwa dhati. Nilikuwa nimefyatua matofali ya shule kwa mikono yangu pamoja na wazazi wa wanafunzi wangu. Niliona ombi lake ni la haki.

"Andika unachosikia tu," aliniagiza. "Neno kwa neno. Usieleze. Kueleza ni kazi yetu."

Aliposoma ripoti ya kwanza alisema ni mimi peke yangu ambaye karatasi zake hazihitaji kusahihishwa. Niliondoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Lakini sikutaka kukudhuru, mtani wangu. Hilo nalo ni kweli, na linafanya jambo liwe baya zaidi. Nilijua mambo yako ambayo yangeweza kukudhuru. Nilijua unasikiliza redio ya Magharibi kwa yule rafiki yako wa kiwandani. Nilijua uliwahi kuniambia, bila utani, tukitoka kanisani, kwamba nchi inayowafungia raia wake mlango haiko salama hata kama imewashibisha. Hayo niliyaficha. Niliamua kumpa Bwana Krause utani wetu wa jikoni. Kwetu hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa utani. Hata machifu walitukanwa na watani wao hadharani wakacheka. Nilidhani ninampa makapi na ngano ninaificha. Nilijiona mwerevu sana.

Kwa hiyo niliandika, kwa usahihi mkubwa, kwamba umeniita mtumwa wako. Kwamba umesema utaniuza. Kwamba umesema ukirudi nyumbani utakitoa kiti cha uchifu cha babu yako darini, ukikalie, na mimi nikupepee nzi.

Katika ripoti ya sita niliona kwamba Bwana Krause hacheki. Alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya maneno fulani.

"Kumbe ukoo wake ulikuwa na watumwa?" aliuliza.

Pale ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningesema, "Bwana, huu ni mchezo wa kwetu." Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba kwa wiki nyingi nimemletea upuuzi, na niliogopa kupoteza sifa yangu kwake.

"Alisema hivyo," nikajibu.

"Na anataka utawala wa machifu urudi?"

"Alisema hivyo."

Sikutamka neno la uongo hata moja. Tangu siku ile nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, nimewachapa watoto kwa kusema uongo, na kila mara nilikumbuka kwamba uongo mkubwa kuliko wote niliousema maishani ulikuwa na maneno ya kweli matupu.

Ukaitwa mbele ya kamati ya wanafunzi, ukumbini. Tulikuwa watu kama hamsini, wa mataifa mengi. Mwenyekiti akasoma maneno yako moja baada ya jingine: mtumwa, kuuza, kiti cha babu. Akasema ni fikra za kikabaila. Wewe ukaangua kicheko. Ulicheka kwa moyo mweupe, kama mtu aliyefuatwa na polisi kumbe nyumba siyo yake. Kisha ukanigeukia mimi, kwa sababu mimi peke yangu mle ndani nilitoka upande wetu.

"Ndugu, hebu waeleze hawa," ulisema. "Waambie utani ni nini."

Ukumbi mzima ukanitazama. Bwana Krause alikuwa amekaa nyuma, miguu ameipishanisha. Nikasimama na kusema kwa Kijerumani kizuri, "Mimi ni mwalimu wa lugha. Habari za mila sizijui vizuri."

Uliacha kucheka. Hukukasirika. Ulinitazama tu, nami nikaona namna unavyohesabu: jikoni tulikuwa wawili.

Siku mbili baadaye, ukiwa umefukuzwa chuo, nilikubebea sanduku hadi kituo cha treni. Shahada yako ilikuwa imebaki miezi minne. Njia nzima nilingoja unitukane. Ningelipokea tusi lolote. Treni ilipokuja ulichukua sanduku mkononi mwangu, ukasema, "Ahsante sana, Mwalimu. Umejisumbua."

Mtani hashukuriwi, Kasiani. Wewe ndiwe uliyenifundisha hivyo.

Nilimaliza masomo, nikarudi, nikafundisha, nikaoa, nikazika mke. Nchi ile ilipoanguka nikasikia redioni kwamba majalada yao yamefunguliwa. Kwa wiki nzima sikuweza kula. Kisha nikajiambia kwamba wasemao Kiswahili ni wengi, na waitwao Mwalimu ni wengi mno, hakuna atakayejua ni mimi, nikaendelea na kazi.

Halafu mwaka 2015 binti yangu, aliyeajiriwa benki huku Sandton, akanichukua. Suruali zangu zilikuwa ndefu kwa sababu mwili wangu umepungua. Akasema kuna fundi mzuri Marshalltown, Mtanzania, anashona kando ya ukuta karibu na robot ya pili, kama waitavyo huku taa za barabarani. Nikaenda asubuhi moja. Nilikusikia kabla sijakuona. Ulikuwa umeinamia cherehani huku ukimwambia mteja, mama wa Kizulu, kwamba wewe siyo mgeni katika mji huu, maana Wangoni walitoka Uzuluni. "Babu zangu waliondoka hapa kwenda kutafuta tumbaku," ulisema, "wakachelewa kidogo njiani."

"Eish, baba!" yule mama akacheka. "Na hiyo tumbaku iko wapi?"

"Waliivuta."

Ukainua macho ukaniona. Miaka arobaini ilikuwa imekugeuza nywele, lakini macho yalikuwa yaleyale. Nilisimama na suruali yangu mkononi. Nilijua utasema kitu: kwamba mtumwa amekuja na kodi ya miaka yote, kwamba Wahehe wamefupika. Nilikuwa tayari.

"Karibu, Mwalimu," ulisema. "Habari za miaka mingi?"

Ukaleta kiti. Ukapima mguu wangu kwa heshima, ukiuliza kama inanibana. Mhandisi wa nguo, kando ya barabara, akipunguza suruali ya mtu aliyemzuia asiwe mhandisi. Suruali ile ninaivaa hadi leo, na hakuna aliyewahi kunishonea vizuri kama ulivyonishonea wewe.

Uliniruhusu nije kwako Joubert Park kila Jumapili baada ya misa. Hilo sikulielewa, na sikuthubutu kuuliza. Tulicheza drafti dirishani, na Zanele, binti yako, alituletea chai. Mama yake alikuwa ameshafariki. Yeye alizaliwa hukuhuku, Kiswahili anakisikia vizuri, ila akijibu huchanganya na Kizulu. Watu walipita nyumbani kwako kama sokoni, na hakuna aliyetoka bila kutukanwa. Ulimwambia padri kwamba mahubiri yake yanawafanya hata malaika wapige miayo. Ulimwambia msusi wa chumba cha jirani, Mama Furaha wa Bukavu, kwamba nywele anazosuka zinazuia mvua isifike Kongo. Kwangu mimi tu ulikuwa na adabu. "Mwalimu apewe kiti chenye mto. Chai ya Mwalimu iwe na tangawizi. Ahsante kwa kuja, Mwalimu."

Mama Furaha aliliona kabla ya wote. Siku moja tulikutana ngazini akanisimamisha. "Papa Kasiani anachekaka na batu bote," aliniambia. "Na weye tu, anakuwaka sawa vile iko mu misa. Mulifanyianaka nini?"

Nilimpita nikaendelea kupanda. Lakini swali lake lilipanda nami ngazi, likakaa nami kwenye kiti chenye mto, na kwa Jumapili nyingi halikuondoka.

Mwaka 2017, Jumapili moja ya baridi yenye jua, Zanele alikuwa ameshuka kwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate. Nilisimama. Sikuweza kusema nimekaa. Nikakueleza yote: Bwana Krause, chumba cha juu ya duka la vitabu, keki, ripoti kumi na moja, "alisema hivyo". Wewe uliendelea kupanga kete za drafti hadi nilipomaliza.

"Nilijua, Mwalimu," ulisema. "Jikoni tulikuwa wawili."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Lakini nilikuuliza." Hukupandisha sauti. "Mbele ya watu hamsini nilikuuliza. Nilisema, waeleze utani ni nini. Mpaka leo sijajibiwa."

Nikafungua kinywa nianze kukujibu palepale. Nilikuwa na jibu; nilikuwa nimelitunga kwa miaka arobaini, na lilikuwa na utangulizi. Ukanikatiza kwa mkono.

"Mwalimu, mimi ni Mngoni. Unataka kunieleza mimi utani ni nini? Sikukuambia unieleze mimi. Nilikuambia uwaeleze wao."

"Wao hawapo tena, Kasiani. Hata nchi yao haipo."

"Hilo ni tatizo lako," ulisema, ukasogeza kete. "Ni zamu yako kucheza, Mwalimu."

Zanele akaingia na mkate. Ukamwambia anikatie kipande cha katikati.

Figo zako zilipoanza kukataa kazi, mwanzoni mwa 2018, nilikuja hospitali kila siku waliyoruhusu. Nilitamani wakati ule unitanie. Ulimtania kila mtu. Ulimwambia muuguzi kwamba chakula chao kimeua watu wengi kuliko ugonjwa. Kwangu ulisema, "Pole na safari, Mwalimu." Siku ya mwisho ulishika mkono wangu muda mrefu, na mkono wako ulikuwa na upendo, hilo sina shaka nalo. Lakini neno lililotoka kinywani lilikuwa "Ahsante."

Basi tukafika siku ya kukuzika. Ukumbi wa kanisa la Joubert Park ulijaa: Watanzania, Wakongomani, Warundi, na ndugu za mkeo waliokuja kutoka KwaZulu na mablanketi yao mabegani. Jeneza lako lilikuwa mbele. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuwa mshereheshaji, akashika kipaza sauti.

"Mtani wa marehemu yuko wapi?" aliuliza. "Mngoni hazikwi kimyakimya kama mzigo wa posta! Nani mtani wake humu?"

"Mimi Msukuma, simhusu!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Mtafuteni Mhehe!"

"Mhehe yupo? Au wote wamebaki Iringa wanafukuza mbwa wa kitoweo?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakangoja. Nilitazama magoti yangu. Sikuwa na haki ya kusimama. Haki hiyo niliiuza mwenyewe kwa sifa za mgeni, nawe hukuwahi kunirudishia. Lakini kama nisingesimama, ungezikwa bila mtani, kama mtu asiyekuwa na kwao. Na nilipoinua macho niliona kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema. Ukumbi. Watu wa mataifa mengi. Wote wakingoja kuelezwa.

Nikasimama. Nikamwomba Zanele atafsiri kwa Kizulu, kwa ajili ya wajomba zake. Akaja akasimama kando yangu katika nguo yake nyeusi.

Nikasema: "Marehemu aliniomba niwaeleze watu utani ni nini. Nimechelewa. Babu zetu waliuana. Wangoni waliwaua Wahehe, na Wahehe waliwaua Wangoni, na hakuna aliyeshinda. Walipochoka kuzika, walipatana kwamba kuanzia siku ile watapigana kwa maneno tu, na atakayekasirika ndiye aliyeshindwa. Kila tusi la mtani ni mkuki uliovunjwa ncha. Mtu akiniita mtumwa wake, maana yake ni kwamba kamwe hatanifunga. Kwa hiyo maneno hayo hayatoki nje ya nyumba peke yake. Yakitolewa bila maelezo, yanaota ncha upya."

Zanele akatafsiri, sentensi kwa sentensi. Wajomba zake wakaitikia kwa vichwa.

"Mimi niliyatoa nje," nikasema. "Tulikuwa vijana, ugenini, katika nchi yenye wapelelezi. Marehemu alikuwa akinitania, nami nikayaandika maneno yake, nikampa mpelelezi kila wiki. Kwa sababu ya karatasi zangu alifukuzwa chuo. Aliniomba mbele ya watu niwaeleze kwamba ni utani, nikasema sijui. Nilijua."

Hapo Zanele aliacha kutafsiri. Nilisikia anavyopumua. Jina lake halikuwa katika karatasi zile, lakini maisha yake yalikuwamo: baba anayeshona barabarani, chumba kimoja, kodi, mama aliyechoka mapema. Nilidhani ataniacha nimesimama na sentensi yangu. Kisha akageukia wajomba zake, akaitafsiri yote. Hakupunguza neno. Mzee mmoja wa Kizulu alitoa sauti ya chini, kama mtu aliyekanyagwa mguu. Nikasema, "Kwa hiyo sina haki ya kumtania leo," nikaketi. Hakuna aliyepiga makofi, na sikutaka yapigwe.

Makaburini nilisimama nyuma. Niliporudi ukumbini ambako chakula kiligawiwa, nilitaka kuchukua kofia yangu niondoke. Zanele akanizuia mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakutabasamu.

"Mzee, ngoja," alisema. "Baba aliongea na mimi hospitali. Alisema, huyu mzee atakuja kwa mazishi. Kama hatasema kitu, mpe kiti, mpe chai, mwambie ahsante, aende kwake sharp."

"Na kama atasema?"

"Alisema, kama atasema, mpe kazi." Akanyoosha kidole uani, penye moto uliopikiwa chakula cha watu wote. "Masufuria iko pale. Yote. Na usiache ile ya pap, ile ya ugali, imeungua."

Sijui kama Zanele amenisamehe. Sikumuuliza, na nadhani bado. Nilivua koti, nikakunja mikono ya shati, nikachuchumaa kwenye beseni kwa magoti haya unayoyajua. Masufuria yalikuwa saba, makubwa ya kukodi, na ile ya mwisho ukoko wake ulikuwa mweusi kama lami. Nilisugua kwa mchanga. Nilisugua mpaka maji yakawa ya kijivu, nikabadilisha maji, nikasugua tena, na watu wakipita wananitazama, mzee mwenye tai akiosha vyombo.

Mama Furaha akanihurumia. Akaja akinyoosha mikono kuchukua beseni. "Aksanti, Papa, inatosha, utaumwa mugongo—"

"Mwache!" Zanele alimpigia kelele kutoka mlangoni, mikono kiunoni, na sauti ilikuwa yako. "Usimwambie ahsante huyo! Ni mtumwa wetu!"

Uani pote watu wakacheka. Mimi niliinamisha kichwa ndani ya sufuria ili wasinione uso.

Sasa pumzika, mtani wangu. Nimekuheshimu inatosha, na heshima ile ilitutesa wote wawili. Nina jambo moja tu la kukulaumu, na nalisema wazi mbele ya wasomaji wote. Umekuwa mvivu tangu nikujue. Ulikwepa kuosha vyombo Ujerumani, ukakwepa kuosha vyombo Joubert Park, na ulipoona yanakuja masufuria saba kwa mpigo, ukaona heri ufe.

Mimi, mtumwa wako,
Mhehe wa Iringa